Atelye ya Pili: Kijana Wetu Anachagua Nini Akienda Kusoma Sanaa?

Katika kijitabu chetu tumezoea kuandika juu ya mambo ya wazee: ndoa, mazishi, majina, ngoma, mipaka ya vijiji. Mara hii ninataka kuzungumza juu ya jambo la vijana, lakini utaona kwamba linagusa mambo ya wazee kwa karibu sana. Kijana wa Bukama au wa Kamina amepata diploma yake ya Leta, familia imeuza mbuzi na samaki, amefika katika shule kuu ya sanaa. Siku moja anapewa karatasi achague atelye. Anachagua kwa sababu gani?

Wengine watasema hilo ni jambo la wanafunzi na ofisi yao, sisi linatuhusu nini? Linatuhusu. Kwa sababu katika karatasi ile kuna neno ufinyanzi, kuna neno uchongaji, kuna neno metali. Ni kazi ambazo zimefanya nchi ya Lualaba ijulikane duniani. Na watoto wetu njo wa kwanza kuziruka.

Atelye ni kitu gani

Tuanze kwa kueleza, maana wazazi wengi hawajui. Masomo ya sanaa yana sehemu mbili. Kuna mafunzo ya lazima, kama kuchora umbo la mtu, historia ya sanaa, kupima nafasi na rangi. Halafu kuna atelye, yaani chumba cha kazi. Atelye si kalasi ya kukaa na kuandika. Ni mahali penye vyombo, penye mata ya kufanyia kazi, penye mwalimu anayesimama nyuma yako na kukuambia, "Hapana, umeshika tezo vibaya." Pale mkono njo unafundishwa.

Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, ambayo ndiyo kubwa katika nchi yetu, ilianza mwaka 1943 huko Gombe-Matadi kama shule ya Saint-Luc, chini ya Frère Marc Wallenda. Ilihamia mji mkuu mwaka 1949, ikapata jina la Akademia mwaka 1957. Ndani yake kuna uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, metali ya kugonga, matangazo na upambaji wa nyumba. Zamani kijana akishaingia sehemu yake alikaa humo mpaka mwisho. Tangu mpango wa LMD ulipoenezwa nchini mwaka wa masomo 2021-2022, masomo ya juu yanahesabiwa kwa krediti, na neno "masomo ya kuchagua" limeanza kusikika kila mahali. Maana yake, kijana anaweza kuwa na kazi yake kubwa, na pembeni akaongeza nyingine. Hii ya pembeni ndiyo ninayoiita atelye ya pili. Andiko hili linaisema hiyo zaidi.

Sababu ninazozisikia

Ukiwauliza vijana, utasikia sababu tatu. Ya kwanza ni makuta: "Matangazo yanalipa upesi." Ya pili ni jina: mchoraji anaitwa msanii, lakini mfinyanzi anaitwa mama wa kijijini. Ya tatu ni urahisi: "Wenzangu wote wako pale, na mwalimu wa pale si mkali."

Sababu ya kwanza siicheki. Mzazi aliyeuza mbuzi ana haki ya kuuliza mbuzi atarudi namna gani. Mtoto anayejua kuchora bango na kupanga maandishi kwenye kompyuta atakula Lubumbashi, atakula hata Kamina. Achukue matangazo kama kazi yake kubwa, hakuna ubaya.

Sababu ya tatu haina haja ya kujibiwa, kila mwalimu anaijua. Sababu ya pili njo mbaya, na inatoka kwetu sisi wazazi. Nimeisikia kwa Kiswahili chetu kabisa: "Tulikulipia masomo ku Kinshasa, njo urudie kufinyanga bulongo sawa tate yako?" Mtoto aliyesikia neno lile hawezi kuweka alama mbele ya neno ufinyanzi, hata kama mikono yake inautaka udongo. Tunalaumu Wazungu kwamba walidharau kazi za wazee wetu. Lakini ile dharau leo inakaa mezani kwetu, inakula pamoja na sisi.

Lubumbashi imekwisha kujaribu njia mbili

Tusifikiri kwamba swali hili ni jipya. Katanga imelijaribu kwa njia mbili, na matokeo yako wazi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua atelye mjini Elisabethville mwaka 1946, ile iliyojulikana kama Hangar. Yeye alikataa kuwaonyesha wanafunzi mifano ya Ulaya. Aliwaambia waangalie miti, samaki, ndege na nyoka, kila mmoja atafute njia yake mwenyewe. Kutoka hapo walitoka Bela, aliyepaka rangi kwa vidole. Pilipili Mulongoy, mwenye ndege na samaki na vitone vyake vingi. Na Mwenze Kibwanga, ambaye picha zake zimejaa mistari mifupi iliyolala pamoja kama nyuzi za mkeka. Pilipili na Mwenze ni Waluba, ni watu wetu. Picha zao zimekwenda mbali kuliko sisi tutakavyokwenda.

Njia ya pili ilikuwa ya Laurent Moonens, mchoraji wa Ubelgiji, aliyefungua Akademia ya Elisabethville mwaka 1951. Yeye alifuata zaidi utaratibu wa shule za Ulaya. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wanafunzi wake waliingia katika shule ile, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo.

Watu wanapenda kusifu njia ya kwanza kuwa ndiyo ya uhuru, na kulaumu ya pili kuwa ya kuiga. Mimi nina neno juu ya ule uhuru. Hangar inajulikana kwa nini? Kwa uchoraji. Kijana alikuwa huru kuchora ndege au kuchora nyoka, kuchora kwa kidole au kwa burashi. Lakini kitu chenyewe, yaani picha bapa ya kutundika ukutani kwa mnunuzi mwenye ukuta, kilikuwa kimechaguliwa kabla yeye hajaingia mlangoni. Mluba aliyetoka katika nchi ya wachongaji na wahunzi alipewa karatasi na rangi, akaambiwa, "Uwe wewe mwenyewe." Alifanya vizuri sana, hatukatai. Lakini uhuru wa kuchagua umbo bila kuchagua mata ni uhuru nusu.

Huko Uganda nako walivutana vivyo hivyo. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, akitaka wanafunzi watoe mambo ya kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Cecil Todd alipokea kazi, akaisogeza shule karibu zaidi na masomo ya Ulaya. Hata huko waligombania swali lile lile: tuwafundishe nini? Swali la mwanafunzi, yaani mkono wangu uende kwenye mata gani, halikupewa nafasi kubwa.

Wazee nao hawakuchagua

Hapa itabidi tuseme ukweli ambao vijitabu vya mila mara nyingi vinauficha. Wazee wetu hawakuwa na karatasi ya kuchagua. Ufundi ulifuata ukoo na jinsia. Chuma na mti vilikuwa vya wanaume, nyungu zilikuwa za wanawake. Mtoto wa mhunzi alianza kwenye mivukuto, akapenda asipende. Njo maana Waswahili wanasema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Msichana mwenye mkono wa kuchonga hakupewa tezo. Mvulana mwenye vidole vya udongo alichekwa.

Lakini ndani ya ile njia nyembamba walifika mbali. Mwangalie mchongaji tunayemwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji ambako baadhi ya kazi zake zilitoka. Mnamo miaka ya 1930 na 1940 mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, aliona kwamba viti na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu za huzuni zilitoka katika mkono mmoja, au katika atelye moja. Mwangalie na yule wa upande wa Washankadi, aliyechonga mito ya kulalia yenye wanawake wa misuko inayoshuka ngazi kwa ngazi. Wataalamu wanamtambua kwa ile misuko. Hawa walikuwa mabwana wenye mkono wao, wenye wanafunzi wao. Wale wanaosema kwamba sanaa ya Kiafrika haina mtu, ni ya kabila tu, hawakuangalia vizuri.

Chuma nacho usikisahau. Katika hadithi ya ufalme wetu, Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga hawatengani na ujuzi wa uhunzi, na fuawe lilikuwa alama ya enzi. Udongo vilevile. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, kisha tena miaka ya 1970 pamoja na Pierre de Maret, walikuta maiti zimezikwa na vyungu vya kila umbo, na vitu vya chuma na shaba. Vingi vya vyungu vile vina umri wa miaka mia saba mpaka elfu moja na zaidi. Hiyo ni mikono ya watu walioishi juu ya maji haya haya tunayovua leo.

Halafu iko lukasa, ule ubao wa shanga na simbi ambao watu wa Mbudye waliutumia kukumbuka historia ya wafalme. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, akasimulia. Wataalamu wanaeleza kwamba jina lake maana yake ni mkono mrefu. Wazee wetu waliweka historia mahali ambapo kidole kinaweza kuifikia. Kijana ambaye hajawahi kushika mti wala udongo ataiona lukasa kama picha ya kitabuni tu. Aliyechonga hata ubao mmoja mbaya ataelewa kwa nini shanga hii imewekwa hapa na ile kule.

Basi, karatasi ya kuchagua ni zawadi ambayo wazee hawakuwa nayo. Leo msichana wa Bukama anaweza kuchagua metali, mvulana anaweza kuchagua udongo, na hakuna ukoo wa kumzuia. Zawadi ile ile tunaitumia kukimbia.

Wawili waliochagua vizuri

Nitoe mifano miwili ya watu wanaojulikana.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alianza na sanaa ya matangazo, sawa na vijana wetu. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na masomo, na huko njo akageukia udongo. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza na wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali aliyekuwa na jina kubwa. Kisha akarudi kumaliza masomo Farnham, na baadaye Royal College of Art mjini London. Vyungu vyake havitumii gurudumu. Anavijenga kwa mkono, anavipaka udongo laini, anavisugua mpaka ving'ae, halafu anavichoma. Moto wenye hewa ya kutosha unavipa rangi ya machungwa. Moto ulionyimwa hewa unavipa weusi. Namna ile ya kujenga na kusugua mama zetu wanaijua. Lakini kuuongoza moto, kuujua udongo kwa hesabu, kuangalia vyungu vya dunia nzima na kuvilinganisha, hayo aliyapata shuleni. Mwaka 2018 alifanywa mkuu wa heshima wa chuo kikuu kimoja cha sanaa huko Uingereza. Alisoma, akafinyanga bulongo, na hakuna aliyemcheka.

Wa pili ni Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1967. Alimaliza Akademia mwaka 1989 katika uchongaji. Hakuona kwamba diploma imemaliza kazi. Alikwenda kwa mafundi wa kuyeyusha na kuunga metali, watu wa moto, akajifunza kwao. Leo sanamu zake za maganda ya risasi, vijiko na mapanga zinajulikana katika nchi nyingi, na zinasema juu ya vita vya nchi yetu kuliko hotuba nyingi. Kile ambacho atelye ya shule haikumpa, alikifuata kwa mafundi.

Angalia kitu wanachofanana. Odundo alitoka shuleni kwenda kwa wanawake wa udongo, akarudi shuleni. Tsimba alitoka shuleni kwenda kwa mafundi wa moto. Wote wawili waliunganisha nusu mbili: mkono wa fundi na chombo cha shule.

Neno langu

Hapa njo ninafika kwenye neno langu lenyewe. Kijana achukue kazi kubwa ile itakayomlisha, kwa mapatano na wazazi wake. Lakini atelye ya pili asiichague kwa makuta wala kwa jina. Achague ile yenye mata ambayo kwao iko chini ya miguu, na yenye chombo ambacho kwao hakipo.

Kwa nini? Uchoraji unaweza kuupata nje ya shule. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika miaka ya 1970, hakutoka katika Akademia. Yeye na wenzake walichora hata juu ya nguo za mifuko ya unga. Kazi za kompyuta nazo vijana wanafundishana wenyewe usiku na simu mkononi. Lakini nani atakupa tanuru la kuchomea vyungu kwa moto mkali uliopimwa? Nani atakupa mahali pa kuyeyushia shaba bila kuungua? Nafasi ile iko shuleni, kwa miaka michache tu. Ukishatoka, imefungwa. Na kwa upande mwingine, udongo mzuri wa kando ya Lualaba, mti wa kuchonga, mama anayejua udongo upi unapasuka na upi haupasuki, hivyo shule haina. Bukama inavyo. Mtoto wetu anashika nusu zote mbili, kama anataka.

Utaniuliza, nyungu itauzwa kwa nani, na siku hizi kila nyumba ina bidoni na sufuria ya aluminiamu? Swali zuri. Sisemi kila mtu atakuwa Odundo. Lakini tazama mbabula. Huko Kenya, katika miaka ya 1980, mafundi walitengeneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, linalookoa makaa. Limeenea nchi nyingi. Hiyo ni kazi ya mfinyanzi na ya mfua bati, na katika nchi yetu ambapo miti inakwisha kwa makaa, mtu anayejua udongo na moto hatakosa mlango wa kugonga. Kuna matofali, kuna vigae, kuna vichujio vya maji. Shaba ya kugonga nayo inauzwa Lubumbashi mpaka leo.

Lawama kwa shule na kwa sisi

Wanafunzi siwabebeshi peke yao. Shule inayoandika ufinyanzi kwenye karatasi wakati tanuru limekufa na hakuna anayelitengeneza, haitoi uchaguzi wowote. Inatoa neno tu. Mwanafunzi ana haki ya kuingia kila atelye kabla ya kuandika jina lake, aone moto unawaka au hauwaki, aone kazi za waliomtangulia, aulize mwalimu anakuja mara ngapi kwa juma. Mwalimu mmoja anayekuja na kukusahihisha mkono ni bora kuliko jina kubwa lililobandikwa mlangoni.

Na sisi wa chama tufanye nini? Tunaandika kila mwaka kwamba mila inakufa. Tunawaita wazee wazungumze, tunapiga picha, tunakula, tunaachana. Ndiyo, ni vizuri. Lakini mzee anayechonga hahitaji picha, anahitaji mtu wa kushika tezo. Mama anayefinyanga hahitaji hotuba, anahitaji binti au kijana wa kumbebea udongo na kuuliza maswali. Viti vya mababu zetu viko Tervuren, vinaangaliwa na kutunzwa. Tukivipata leo vikarudi, nani kwetu ataweza kutengeneza mguu uliovunjika?

Kwa hiyo ninapendekeza jambo moja dogo ambalo tunaliweza. Wakati wa kiangazi, maji ya Lualaba yanaposhuka na udongo wa kando unachimbika, na shule zimefungwa, chama kiandike majina ya mafundi wetu waliobaki, wa mti, wa chuma na wa udongo, waliokubali kupokea kijana kwa majuma machache. Mwanafunzi yeyote wa sanaa aliyerudi likizo apelekwe kwao. Familia yake iambiwe mapema, ili yule mama asichekwe na yule mtoto asione haya. Akirudi shuleni na mikono yenye sugu, akiwekewa ile karatasi mbele, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuchagua. Udongo uwahi ungali maji, na wale waliobaki wa kutuonyesha si wengi tena.